Nyumba ya Kibugu, Chumba kwa Chumba

Mitunguu
Jumapili, 21 Januari 2024

Wifi yangu Wanja,

Nilifika. Njagi aliendesha gari polepole kwa ajili ya miguu yangu, na kila kona alikuwa akiuliza, "Mama, unaumia?" mpaka nikajifanya nimelala. Huku ni joto. Migomba imezunguka nyumba ya mwanangu pande zote, maji ya mfereji yanapita chini ya dirisha langu, na mbu wanayafuata. Gatwiri amenipa chumba chenye kitanda kikubwa kuliko cha askofu. Ni mke mwema. Sakafu ni ya vigae, nami natembea nimeshika ukuta kama mtoto.

Daktari anasema miezi miwili ya dawa na mazoezi. Pasaka nitakuwa nyumbani.

Najua simu haikufai tangu masikio yako yazibe, na yale maandishi madogo ya kwenye kioo chake huyaoni hata na miwani. Kwa hiyo nimepatana na Kithinji, mwanamume mmoja wa huku anayepeleka ndizi soko la Embu. Barua ataiacha kwa duka la Runji hapo Kibugu. Yako pia iache hapo hapo.

Funga mlango kwa komeo, si kwa kamba. Na ule, Wanja. Mtu akiwa peke yake huanza kula akiwa amesimama.

Wako,
Kaari


Kibugu
4 Februari 2024

Mama Njagi,

Barua yako ilifika ikinuka ndizi. Runji aliipunga juu akiwa mlangoni pa duka, kwa sababu ameshazoea kwamba kuniita ni kazi bure. Nimeisoma mara tatu, moja kwa ajili ya habari na mbili kwa ajili ya sauti yako.

Hapa hakuna jipya. Majani chai yamepungua kwa hili jua. Tumbili walitoka msituni wakala mahindi ya upande wa juu, wakaacha magunzi yamepangwa vizuri kama watu walioalikwa. Kuku mweupe analalia mayai.

Nilichokuwa sijui ni hiki: wewe ndiye uliyekuwa ukinigeuzia uso ukiongea. Wengine wote hunipigia kelele sikioni, halafu wanachoka, halafu wananipa mkono na kwenda. Kanisani nimehamia kiti cha mbele ili nione mdomo wa mchungaji, lakini ana ndevu. Tangu uende sijaambiwa jambo lolote refu na mtu yeyote.

Ninakula nikiwa nimeketi. Komeo nimefunga.

Wanja


Mitunguu
25 Februari 2024

Wifi,

Pasaka labda haitawezekana. Goti la kushoto bado limevimba, na kifua nacho kimeanza kunisumbua. Usihesabu siku. Nitakuja mvua zikiisha.

Nina ombi. Nikilala hapa, nafunga macho na kuanza kuizunguka nyumba yetu. Naingia kwa mlango wa mbele, napita sebuleni, halafu mahali fulani napotea, sikumbuki dirisha liko mkono gani. Niandikie nyumba, chumba kwa chumba. Wewe unajua mwanzo wake. Mimi niliikuta imesimama, na niliyoyajua ni yale uliyonihadithia tukichambua maharagwe. Anza na sebule.

Kuna jambo pia ningependa kukueleza, lakini ni la kuketi pamoja.

Wako,
Kaari


Kibugu
17 Machi 2024

Mama Njagi,

Umetaka sebule, basi nakuandikia sebule.

Baba, Njagi wa kwanza, ambaye mwanao ana jina lake, aliijenga nyumba mwaka wa sitini na sita, mimi nikiwa na miaka kumi na mitano. Fito alikata mwenyewe. Udongo tuliukanyaga sisi watoto, Ireri na mimi, tukiwa tumeshikana mabega, tope likifika magotini. Ireri alikuwa mdogo, akachoka, nikamaliza sehemu yake. Ukuta wa mbele, ule wenye dirisha, karibu wote ni udongo wa miguu yangu. Mabati yalipofika watu wa kilima hiki walikuja kuyagusa. Mvua ya kwanza ilipopiga, mama alitoka nje akidhani ni mawe yanaanguka.

Ukiingia, dirisha liko mkono wa kulia. Chini yake kuna kiti cha Ireri chenye mguu uliofungwa waya. Meza iko katikati, kitambaa ulichokishona wewe bado kiko juu yake, kile cha maua ya buluu. Kalenda ya kanisa iko ukuta wa kushoto. Nimeketi hapo sasa hivi nikikuandikia. Jua la asubuhi limefika kwenye mguu wa meza.

Mvua zimeanza, nyumba haivuji. Endelea na mazoezi.

Wanja


Mitunguu
14 Aprili 2024

Wifi,

Niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu. Kwa siku mbili niliweza kuingia nyumbani bila kupotea.

Karatasi yako ilikuwa na harufu kali ya moshi. Umeanza kupikia ndani? Usiache jiko la nje kwa uvivu, ule ukuta tuliupaka chokaa juzi tu.

Umesema hakuna jipya. Hakuna mtu aliyekuja hapo nyumbani? Njagi hana habari nyingi siku hizi, akitoka shuleni anakula na kusahihisha vitabu vya wanafunzi wake. Nilidhani labda umeona mtu akipita akitazama shamba. Nauliza tu.

Niandikie chumba chako cha kulala na kile changu.

Wako,
Kaari


Kibugu
12 Mei 2024

Mama Njagi,

Moshi ni wa nguo zangu. Kwa hii mvua nakaa sana jikoni kuota moto, na karatasi huwa naiweka mfukoni. Hakuna mtu aliyekuja.

Vyumba viko vile vile. Chako kitanda kimetandikwa. Dirisha lake dogo linaangalia majani chai, na ukilala upande wa ukuta unaona kilele cha mlima kama anga ni safi, ingawa mwezi huu hakijaonekana. Hapo ndipo Ireri alipofia, mwaka wa elfu mbili na tisa, wewe ukiwa umemshika kichwa na mimi nimemshika miguu. Uliniambia, "Miguu imepoa." Wakati ule bado nilikuwa nasikia.

Changu ni kile cha nyuma. Nataka nikuandikie habari zake kwa sababu sijawahi kukuambia nilivyoiona siku ile.

Mimi nilirudi nyumbani mwaka wa sabini na sita kutoka Mbeere, bila mtoto na bila mume aliyetaka kunifuata. Baba alinipa chumba cha nyuma hakuuliza neno. Alipokufa, wazee wa ukoo wakamwambia Ireri kwamba binti aliyerudi hakai katika nyumba ya kaka yake mwenye mke. Nijengewe kibanda kule chini karibu na mto. Wewe ulikuwa umeolewa miezi mitano tu. Kimeru chako cha Kangeta kilikuwa kinachekwa na kila mtu, ndiyo maana mimi na wewe tukaanza kuongea Kiswahili, na mpaka leo hatujaacha.

Jioni ile Ireri alikuja kuniambia nifungashe. Kabla sijajibu nikakuona unaingia na godoro lako kichwani. Ukaliweka kando ya langu. Ukamwambia, "Kama shida ni nafasi, sisi wawili tutabanana hapa. Huyu nimemkuta kwenye nyumba, na sitamtoa." Ireri akalala peke yake siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili akaja mlangoni akasema wazee wamefikiria upya.

Sikukushukuru. Nilijifanya nimelala. Sasa ni miaka arobaini na mitatu, nami nakushukuru kwa kalamu, kwa sababu uko mbali na hutanikatiza.

Wanja


Mitunguu
2 Juni 2024

Wanja,

Leo Kithinji ameniletea ndizi za kupika na akakaa kidogo. Akaniambia, kama mtu anayetoa pole kwa jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba ni vibaya yule mama mzee asiyesikia kuishi jikoni mvua yote hii. Nikamuuliza mama gani. Akasema, "Si wifi yako? Nyumba ilivunjwa Machi." Alipita hapo mwenyewe siku Runji alipofunga duka mapema.

Nimezitoa barua zako. Sebule umeniandikia tarehe kumi na saba Machi. Vyumba vya kulala umeniandikia Mei.

Sasa nitakuambia langu, kwa sababu nimechelewa vya kutosha. Nilijua kwamba nyumba itavunjwa. Njagi aliniambia Desemba. Alisema fito zimeoza, na zile ngazi za mbele zimeniangusha mara mbili. Anataka kunijengea ya mawe, isiyo na ngazi, yenye choo ndani, ndipo niweze kurudi kuishi. Akasema tusikuambie mpaka kazi ikaribie, kwa sababu utakataa. Nikatia sahihi karatasi za shamba ziende kwa jina lake. Nilitia sahihi Januari, pale mezani sebuleni. Wewe ndiye uliyetuletea chai.

Alisema wataanza Agosti, na nilikuwa na hakika nitakuwa nimekuambia. Kila barua nilianza kuandika hilo jambo nikaishia kuuliza habari za dirisha. Kumbe mafundi walipatikana mapema, naye hakuniambia ili nisihangaike. Huo ndio ukweli wote, sina mwingine.

Na umeniandikia habari za godoro.

Kaari


Mitunguu
14 Julai 2024

Wanja,

Kithinji amerudi mara mbili bila kitu. Anasema Runji amekupa barua mkononi na ulimtazama tu. Huko ni baridi sasa. Nimemtuma na blanketi. Kama hutaki kuniandikia, litumie hata hivyo.

Kaari


Kibugu
25 Agosti 2024

Kaari,

Blanketi limefika.

Umesema Njagi hakukuambia walipoanza. Ilikuwa Jumanne, tarehe tano Machi. Nilitoka asubuhi kuchuma majani katika kipande cha chini. Unakijua, si mbali, mtu mwenye masikio angesikia nyundo tangu pigo la kwanza. Mimi nilikuwa nimeinama nachuma, mgongo nimeupa nyumba ya baba, nao wanaivunja. Nilijaza kapu. Nikapanda kilima nikiwaza chai ya saa nne. Nilipoinua macho niliona mawingu mahali palipokuwa na paa.

Fundi mmoja, Elphas, alinikimbilia. Nilisoma mdomo wake akisema "Njagi", mengine sikuelewa. Walikuwa wametoa vitu vyangu na kuvipanga kwenye nyasi: kitanda, sanduku, viatu vya kanisa vikiwa pamoja. Vyako pia. Walikuwa watu wenye adabu, na adabu yao ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu ningewatukana. Saa saba hakukuwa na ukuta. Ule udongo ulikuwa bado mwekundu kwa ndani, kama siku tuliyoukanyaga.

Wakachimba msingi. Mvua ikaja, wakaenda, hawajarudi. Mitaro imejaa maji na vyura wamezaana humo. Mimi nimelala jikoni kati ya kuni na mafiga. Kitanda changu kimeingia, chako nimekiezeka kwa mabati nje.

Nikajiambia kwamba Njagi amemficha mama yake. Nikasema Kaari akijua hili, mgonjwa, mbali, litamuua. Basi ulipotaka sebule nikakuandikia sebule. Niliketi kwenye kigoda, karatasi juu ya sinia, nikifunga macho kukumbuka kiti kilikaa wapi. Barua moja ilinichukua siku tatu. Nitakuambia jambo la aibu: nilikuwa na furaha kidogo. Nilikuwa na mtu wa kumlinda.

Kumbe nilikuwa namlinda aliyetia sahihi. Ile chai naikumbuka. Nilidhani karatasi zile ni za hospitali. Nilikuuliza kama niongeze sukari.

Kwamba nyumba ilikuwa imeoza, najua. Ni mimi niliyekuwa nikiziba nyufa. Kwamba Njagi alitaka kukujengea, ni mwanao, afanye. Lakini ungenigeuzia uso ukaniambia. Katika kilima hiki chote hakuna mwingine anayejua jinsi ya kuniambia kitu, ni wewe tu, na ukanyamaza.

Wanja Njagi


Mitunguu
15 Septemba 2024

Wanja,

Sitajitetea.

Nilimwita Njagi nikamsomea barua yako yote. Katikati alisimama akatoka nje kwenye migomba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Mama, nilitaka tu zile ngazi ziondoke." Nikamwambia, "Ngazi zilikuwa tatu. Ungeondoa ngazi."

Akasema alidhani shangazi yake angefurahi akiona nyumba mpya. Nikamuuliza kama alikuuliza. Akasema wewe husikii. Nikamwambia unasoma. Hapo nilikuwa nikijisema mwenyewe pia.

Atakuja Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba. Atakuja peke yake na atakuja na daftari. Mwambie unachotaka wewe. Nimemkataza kukuambia ninachotaka mimi. Ukitaka ile mitaro ifukiwe na pasijengwe kitu, itafukiwa. Nimemwambia pia kipande chenye jiko, mpaka kwenye mti wa makadamia, kiandikwe jina lako. Amekubali bila kubishana. Sijakupa zawadi. Palikuwa pako kabla sijafika.

Na kama ukikubali kupanda gari lake, shule zikifungwa akulete huku siku chache. Kama hutaki, nitaelewa.

Kaari


Kibugu
3 Novemba 2024

Mama Njagi,

Nimerudi salama. Njagi alinishusha jikoni, akaniwashia moto mwenyewe, akaharibu kuni nyingi.

Nakuandikia yale ambayo sikuyaandika kwenye daftari lenu.

Kwanza, alipokuja ile Jumamosi, aliketi kwenye kigoda changu, magoti yamefika kidevuni, akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko wa mwalimu. Chini kabisa akaandika, "Shangazi, sikukuona kama mtu wa kuulizwa." Ni neno baya, lakini ni la kweli, na tangu nirudi kutoka Mbeere hakuna mtu aliyewahi kuniandikia la kweli namna hiyo. Nikachukua kalamu nikaandika ninachotaka. Vyumba viwili, si vinne. Mlango ufunguke upande wa majani chai. Na mafundi wakija, kabla ya kugonga chochote, mmoja wao aje aniguse bega. Akapiga mstari chini ya hilo la bega.

Pili, kwenu. Sikutegemea umekonda hivyo. Uliposimama mlangoni umeshika ukuta, nilitaka kugeuka nirudi garini, si kwa hasira. Sikuwa nimejua. Barua zako hazikukonda.

Siku ya kwanza uliongea umenigeuzia uso kama zamani, lakini kifua kilikuwa kinakukatiza, na midomo yako nikawa siisomi. Ndipo Gatwiri akaleta daftari. Ukaandika kile ambacho daktari alikuambia Agosti: kwamba baridi ya Kibugu haitakuacha hai msimu mmoja, na hutarudi kuishi. Ukaandika, "Nyumba ni yako peke yako sasa." Nililisoma, nikatikisa kichwa kukubali, nikaomba chumvi.

Tulikaa siku nne. Mbili za mwisho hatukuandika kitu. Tulimenya ndizi. Uliniwekea miguu yako mapajani nikaikanda kwa mafuta, na ukalala ukiwa umeketi. Nilikutazama ukilala nikaona ni zile nyakati zetu za alasiri baada ya majani kupelekwa, isipokuwa kwamba nje kulikuwa na migomba.

Asubuhi ya kuondoka, Njagi akiwa anapakia, ulinisogezea daftari. Ulikuwa umeandika neno moja na alama ya kuuliza: "Umenisamehe?" Nikachukua vikombe nikaenda kuviosha. Ulidhani sikuliona. Niliona. Nilisimama pale kwenye mfereji nikasugua vikombe vilivyokuwa safi mpaka Njagi akanigusa bega kwamba twende.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu, na sikutaka kukudanganya tena, hata kwa wema. Nimekudanganya kwa wema mara mbili, sebule na vyumba, na wewe vivyo hivyo, na tazama tulipofika.

Kwa hiyo nimelifikiria wiki nzima. Asubuhi nikipita kwenye mitaro kwenda kuchuma, bado hasira ipo. Inanichukua mpaka kapu lifike nusu. Mchana huwa imeisha, nakuwa na njaa tu. Jioni ndiyo ngumu. Jana niliona tumbili mama ameketi juu ya rundo la mawe ya ujenzi, anamtafutia mwanawe chawa, ametulia kama mwenye nyumba, na nikageuka upande wako nikuonyeshe.

Kama huko ndiko kusamehe, basi nimekusamehe. Kama siko, nipe muda, na usiache kuniandikia.

Wifi yako,
Wanja